Padi ya Mazoezi ya Dramu: Jirani Analalamika, Kijiti Hakirudi, Snea Inakukataa

Wapiga dramu wengi wa Dodoma hawana dramu nyumbani. Dramu ziko kanisani, ukumbini au kwenye chumba cha bendi, na funguo anazo mtu mwingine. Katikati ya wiki kilichobaki ni vijiti, padi moja (kibao chenye uso wa mpira au plastiki cha kupigia mazoezi badala ya dramu) na chumba cha kupanga Nkuhungu, Chang'ombe au Ipagala, chenye majirani pande mbili za ukuta. Padi hiyo inadaiwa kazi mbili: isisumbue watu, na iufundishe mkono kitu ambacho snea, ile dramu bapa inayokaa mbele ya mpigaji, itakikubali Jumapili. Kazi hizo zinavutana. Uso laini unanyamazisha, lakini ukizidi ulaini unaudanganya mkono, ama kwa kurusha kijiti kupita kiasi, ama kwa kukimeza.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa Kariakoo kwa ajili ya padi nyingine, tafuta kwanza tatizo liko wapi. Mara nyingi liko chini ya padi na si kwenye padi.

Wewe unaona umetulia, jirani anasema unagonga

Lalamiko hili nalisikia kuliko yote, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote.

Pigo moja kwenye padi linazaa sauti mbili. Ya kwanza ni mlio wa ncha ya kijiti inapogusa uso, nao unasafiri hewani: ta. Ya pili ni mtikisiko unaoshuka kwenye kibao cha padi, unaingia mezani, unaenda ukutani na sakafuni: du. Mpira laini unapunguza ile ya kwanza, kwa sababu ncha inakaa kwenye uso muda mrefu kidogo zaidi na ukali wa sauti unakufa. Ile ya pili inabaki karibu kama ilivyokuwa. Wewe uliyeinamia padi unaisikia ta imepungua, unaridhika. Aliyelala upande wa pili wa ukuta anapata du, tena saa nne usiku wakati hakuna bodaboda inayopita kuifunika. Ndiyo maana mtu ananunua padi laini zaidi na lalamiko linabaki palepale.

Pima hivi. Mwenzako akae chumba cha pili au kwenye korido, mlango ukiwa umefungwa. Piga kidogo padi ikiwa mezani, kisha iweke juu ya mto mapajani upige tena kwa nguvu ileile. Kama huna mwenzako, muulize jirani mwenyewe: "Shikamoo mama, naomba unisikilizie kidogo, wapi panakusumbua zaidi, hapa au hapa?" Aliyeulizwa kwa heshima hivyo huwa mvumilivu hata siku zinazofuata.

Ikiwa mlio ulikufa padi ilipohamia mapajani, kosa ni la meza. Meza ya mbao nyembamba, kabati, stuli yenye uwazi ndani, ndoo iliyopinduliwa: vyote hivi vinachukua mtikisiko mdogo na kuukuza. Ikigusa ukuta ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ukuta mzima unaingia kazini. Hatua ya kwanza haina gharama: vuta meza itoke ukutani. Ya pili ni kutenganisha padi na meza, na hapa mpangilio wa tabaka una maana kubwa. Chini kabisa weka kipande cha sponji la godoro gumu, unene wa sentimita 3 hadi 5. Juu yake weka kitu kizito na bapa; kipande cha tailizi alichobakiza fundi wa sakafu kinafaa sana, na kitambaa kidogo juu yake kisigongane na kibao. Padi ndiyo inakuja mwisho. Uzito ulioketi juu ya ulaini haupitishi mtikisiko kirahisi.

Usiruke tailizi. Ukiweka padi nyepesi moja kwa moja juu ya sponji, itazama kidogo kila unapopiga, na nguvu iliyopaswa kukirudisha kijiti itapotelea humo. Utakuwa umemtuliza jirani kwa gharama ya mkono wako.

Mwenye stendi ya snea ana kazi rahisi zaidi: blanketi lililokunjwa mara nne chini ya miguu ya stendi linatosha kwa sakafu nyingi. Angalia tu stendi isiyumbe.

Ikiwa mlio haukubadilika kati ya meza na mapaja, basi unapita hewani. Nyumba nyingi za vyumba vya kupanga hazina dari, na kuta za ndani zinaishia usawa wa linta, juu kidogo ya mlango, kwa hiyo sauti inapanda, inagonga bati na kushuka kwa jirani. Hapa ndipo aina ya uso inapoanza kuwa na maana, na hapa ndipo pesa ya padi laini inapolipa. Kaa pia upande wenye godoro na nguo zinazoning'inia, mbali na dirisha la wavu. Mlio wa juu unanyonywa na vitambaa vizuri. Du hainyonywi hata kidogo, ndiyo maana nimesema uanze chini.

Mwenye dramu za umeme katika hosteli au ghorofa akumbuke mguu. Uso wa wavu (ngozi yenye matundu madogo) mikononi ni kimya sana, halafu pedali ya kiki, dramu kubwa ya mguu, inapeleka kila pigo kwa mtu wa chini. Tabaka zilezile zinahitajika, pana zaidi, chini ya pedali na kiti pia.

Mlio ni mkali kwako mwenyewe

Sababu ni uso mgumu au kijiti. Padi zenye ngozi ya plastiki inayokazwa, kama zile ndogo za kampuni ya Remo, zina mguso mzuri unaokaribia ngozi ya kweli, lakini mlio wake ni wa juu na unachosha chumbani. Raba ngumu iliyobandikwa plastiki juu ni hivyo hivyo. Padi hizi zimetengenezwa ili usikie kila kosa, na ukumbini zinafaa. Chumbani usiku hazifai.

Kwa usiku chagua raba asilia laini au silikoni. Kama una padi yenye nyuso mbili, mfano Evans RealFeel, geuza upande wa raba laini. Kama huna, kanga kuukuu iliyokunjwa mara moja na kuvutwa ikakaza juu ya padi inapunguza ukali mara moja. Kijiti nacho kiangalie: ncha ya nailoni inalia kali kuliko ya mbao, na 5B inaingiza uzito zaidi kuliko 7A (ni namba za ukubwa wa vijiti, 5A iko katikati yake). Lakini usibadili vijiti kwa ajili ya ukimya peke yake. Ukipiga 5A kanisani, piga 5A nyumbani, maana uzito huo ndio mkono unaojifunza.

Kwenye padi unaruka, kwenye snea unazama

Tatizo hili linavunja moyo kuliko kelele, kwa sababu mtu amefanya kazi kwa bidii. Wiki nzima roli ya mapigo mawilimawili (mfululizo wa haraka, kila mkono ukipiga mara mbili) imekwenda safi. Anafika mazoezi ya kwaya, anakaa kwenye snea, na lile pigo la pili la kila mkono halitoki. Anadhani ni woga. Mara nyingi si woga. Padi ilikuwa inampigia.

Uso wa wavu ndio mtuhumiwa wa kwanza. Kampuni ya Roland walipotoa dramu za umeme za V-Drums mwaka 1997 zikiwa na ngozi za wavu zilizotengenezwa pamoja na Remo, faida yake ilikuwa ukimya, kwa sababu hewa inapita kwenye matundu badala ya kusukumwa. Lakini wavu uliokazwa unakirusha kijiti juu kwa nguvu nyingi kuliko ngozi ya snea. Raba asilia laini na nene nayo ina tabia hiyo, kwa kiwango kidogo. Pigo la pili la roli, ambalo vidole vilipaswa kulizalisha, linatolewa bure na uso. Vidole havijifunzi kitu.

Kipimo chake ni rahisi na nakiamini kuliko maelezo yoyote ya muuzaji. Shika kijiti kwa kidole gumba na cha shahada tu, pale kinapokaa kwa mizani. Inua ncha kama sentimita 20, iachie ianguke yenyewe, usiisaidie. Itadunda ikiharakisha mpaka inyamaze. Rekodi kwa simu. Siku ya mazoezi fanya vilevile kwenye snea utakayoipiga, urekodi, kisha sikiliza zote mbili kwa kufuatana. Padi inayodunda kwa muda mrefu kuliko snea inakupa mapigo ya bure. Inayonyamaza mapema kidogo inakujenga. Inayokufa baada ya kudunda mara moja au mbili iko kwenye sehemu inayofuata.

Padi ikidundisha mno, anza na unachoweza kurekebisha. Wavu hulegezwa kwa ufunguo wa dramu, nusu mzunguko kila skrubu, ukienda kwa zinazokabiliana. Padi yenye nyuso mbili igeuze upande mgumu kwa roli, kisha urudi upande laini usiku ukishaingia. Kanga niliyoitaja juu inasaidia hapa pia, kwa sababu kitambaa kinakula sehemu ya mdundo. Kuna padi zilizotengenezwa makusudi zisidundishe sana, kama ile ya Moongel ya kampuni ya RTOM, nazo ni dawa kali: nzuri kwa muda mfupi, si kwa saa nzima.

Kupiga juu ya mto wa kulalia ni suala la ubishani kati ya wapigaji. Msimamo wangu ni huu: mto unaimarisha kiwiko na kifundo cha mkono, haufundishi vidole, kwa sababu hakuna mdundo wa kuushika na kuuongoza. Mwanafunzi mpya asianze nao kabisa. Anayejua tayari autumie kwa muda mfupi mwanzoni mwa zoezi, halafu ahamie kwenye padi.

Na kabla hujailaani padi, kagua snea yenyewe. Snea za makanisa mara nyingi zinakaa miaka na ngozi ileile, katikati imebonyea, skrubu mbili zimelegea kabisa. Hapo hakuna padi duniani itakayokuandaa. Omba ruhusa kwa kiongozi wa bendi, gonga karibu na kila skrubu usikilize, kaza zenye mlio wa chini mpaka milio ikaribiane. Watu wamewahi kutaka kubadilisha padi wakati shida ilikuwa skrubu mbili.

Kijiti hakirudi

Kwenye padi za dukani, sababu ya kwanza ni padi kuwekwa kitandani au juu ya sponji. Iondoe hapo, ujaribu tena. Sababu ya pili ni uso kuachana na kibao. Gundi hulegea kwa joto, hasa padi iliyoachwa ndani ya gari au karibu na bati mchana wa Oktoba. Gonga taratibu kutoka pembeni hadi katikati. Pale mlio unapokuwa mzito na mdundo kupotea, chini yake kuna hewa. Inua ukingo, safisha gundi kuukuu, pakaa gundi ya mafundi viatu pande zote mbili, subiri ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kuweka kitu kizito juu usiku kucha. Haraka ya kubandika gundi ikiwa mbichi ndiyo inayorudisha viputo.

Kwenye padi za kutengeneza mwenyewe sababu kubwa ni mpira. Wengi hukimbilia tyubu ya gari kwa sababu ipo na ni bei rahisi. Tyubu nyingi zimetengenezwa kwa mpira wa butili, na butili huchaguliwa kwa kuwa inashikilia hewa vizuri. Tabia yake ya pili haizungumzwi sana: inameza mtikisiko. Unaweza kubandika tabaka tatu na kijiti kisiinuke. Kilichofanya gurudumu likae na upepo ndicho kinachoua roli yako.

Kabla ya kununua mpira wowote, nenda na gololi. Weka mpira juu ya sakafu ya saruji, achia gololi kutoka urefu wa rula. Mpira asilia utairudisha juu vizuri. Butili itaiacha ikidunda kidogo tu na kulala. Muuzaji anaweza kukuambia lolote kuhusu jina la mpira, gololi haina upande.

Ndala kuukuu nazo zinajaribiwa sana. Sponji yake ni nyepesi, inakaa kimya, inarudisha kiasi, lakini inabonyea pale unapopiga mara kwa mara na kufanya shimo. Kwa mtoto anayeanza inatosha. Kipande cha kuwekea kipanya cha kompyuta, cha raba nyeusi yenye kitambaa juu, kinafaa zaidi: kimya, mdundo wa wastani, na ukikichakaza unabadilisha.

Kibao kisiwe chepesi. Pliwudi ya milimita 18, mraba wa sentimita 30, fundi seremala yeyote anakukatia kwenye vipande vilivyobaki. Pliwudi ya milimita 6 inapinda kila pigo na kula mdundo hata kama mpira ni mzuri. Usitumie bodi ya vumbi la mbao mahali inapoweza kulowa, inavimba na uso unaanza kuwa na vilima. Snea ya kawaida ina upana wa inchi 14; padi ya inchi 12 inakaribia vya kutosha kuzoesha mikono yote miwili kukaa mahali pake. Padi ya inchi 6 ni ya begi na ya basi. Inabana mikono ikaribiane mno ukiifanya ndiyo ya kila siku.

Mikono inauma

Padi ngumu juu ya saruji inarudisha mshtuko wote kwenye kifundo. Weka tabaka, au badili uso. Padi isiyorudisha kitu inakufanya uvute kijiti juu kwa misuli kila pigo, na hapo yanakuja maumivu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Urefu nao ni chanzo ambacho watu hawakiangalii: padi kwenye meza ya chakula inainua mabega, padi kwenye stuli ya kuogea inakunja mgongo. Uso uwe karibu na usawa wa mkanda ukiwa umekaa, mapaja yakishuka kidogo kuelekea magotini. Ganzi au maumivu yanayobaki hadi kesho yake ni ya kupeleka kituo cha afya, usiyapigie juu.

Kila pigo linasikika sawa

Padi kimya kabisa inaficha makosa. Pigo kubwa na dogo yanatoka karibu kwa mlio mmoja, flamu (pigo dogo linalotangulia kubwa kidogo tu) zinaungana, mkono wa kushoto unadhoofika bila wewe kujua. Unapofika kwenye dramu, kila mtu anasikia isipokuwa wewe. Jioni mapema, kabla watu hawajalala, weka karatasi ngumu au kipande cha plastiki chembamba juu ya uso ili mlio utoke wazi, ufanye kazi ya usawa wa mikono hapo: paradidili (kulia-kushoto-kulia-kulia, kisha kushoto-kulia-kushoto-kushoto) polepole, metronomu ya simu, yaani kihesabu mwendo, kwenye sikio moja tu. Kuna rudimenti, yaani mifumo ya msingi ya mapigo, 40 kwenye orodha ya mwaka 1984 ya Percussive Arts Society, chama cha wapigaji, lakini kwa kazi hii chache zinatosha. Usiku ukiingia, toa karatasi, uendelee na mazoezi ya nguvu na ya vidole. Simu ikiwekwa kibaoni ikirekodi itakuonyesha tofauti ya mikono hata kwenye padi laini.

Padi inatembea, inanata au imepasuka

Vumbi la kiangazi la Dodoma likiingia chini ya raba ya kuzuia kuteleza, padi inaanza kusafiri mezani. Futa chini kwa kitambaa chenye maji, siyo juu peke yake. Silikoni inavuta vumbi kuliko raba. Ioshe kwa maji na sabuni ya mche, ikaukie kivulini.

Raba asilia haipatani na jua wala mafuta ya jamii ya petroli. Jua linaikausha na kuipasua. Vaselini, mafuta ya taa au dizeli vinaivimbisha na kuifanya inate. Kwa hiyo usiing'arishe kwa mafuta yoyote, na nawa mikono kama umetoka kujipaka. Ikianza kunata yenyewe bila mafuta, imezeeka, badilisha uso ubaki na kibao.

Unapiga ngoma kwa mikono

Wanaojifunza muheme, ngoma ambazo wanawake wa Kigogo huzibana kati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja, huniuliza kama padi ya vijiti inafaa. Haifai. Raba inashika ngozi ya kiganja, na haina tofauti ya ukingo na katikati, wakati muheme karibu yote imekaa kwenye tofauti hiyo. Nyamazisha ngoma yenyewe: sukuma nguo laini ndani kupitia mdomo wa chini mpaka ikaribie ngozi bila kuisukuma, na kama bado inasikika, tandika kitambaa chembamba juu ya nusu ya ngozi. Mguso unabaki ule ule na mlio unashuka sana. Usibandike gundi wala selotepu kwenye ngozi, inachuna uso wake ukiitoa. Na ukimaliza toa nguo ndani usiku huohuo, hasa miezi ya mvua, ngozi isikae na unyevu.